Nampeleka mama (miaka 74) ikulu ya zamani ya Nyanza, Rwanda: itamfaa au nitamchosha bure?

Mtoto wa Rulenge

Wakuu, mliozidi umri shikamooni, wengine habari za mchana.

Mpwa wangu kajifungua Kigali, na mama kashikilia lazima akamwone kitukuu kwa macho yake. Tunavuka mpaka wa Rusumo Ijumaa tarehe 27, tunarudi Jumatatu. Jumamosi hatuna kazi, nikawaza nimpeleke Nyanza kwenye ile ikulu ya wafalme iliyofanywa makumbusho.

Kinachonitia shaka ni hiki. Mwaka jana nilimpeleka makumbusho fulani huku kwetu, siitaji jina. Kijana wa kutuongoza alikuwa anakimbia kama anafukuzwa, ngazi juu, ngazi chini, maelezo yote ya Kiingereza. Kwenye gari mama akaniuliza, "Mwanangu, umelipa hela nikaangalie vyungu ninavyovipikia?" Nikakosa jibu.

Mama ni Mhangaza wa Ngara, kafuga ng'ombe maisha yake yote, na magoti yanamsumbua. Je, Nyanza kuna kutembea sana? Kwenda na kurudi Kigali siku moja inawezekana? Au nimpeleke tu makumbusho ya sanaa ya Kanombe, maana ni hapohapo mjini?

Mzee wa Tela

Kijana, kabla ya yote tazama kalenda. Jumamosi tarehe 28 ndiyo ya mwisho wa mwezi, na hiyo Rwanda ni umuganda. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi watu wako kwenye kazi za pamoja, maduka yamefungwa, barabarani kimya. Mimi nilishakaa kwenye lori masaa matatu nikihesabu milima. Nenda Jumapili.

Pia msibebe mifuko ya plastiki, mpakani wanaichukua. Na saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, usije ukamwamsha bibi wa watu usiku wa manane.

Dada Nyamirambo

Kaka, karibu Kigali. Nyanza ni kama kilomita 90 kuelekea Huye, saa mbili hivi. Lami nzuri ila kona ni nyingi, kwa hiyo mama akae mbele. Mabasi yanatoka Nyabugogo, lakini kwa mtu wa magoti kodi gari, kwa sababu basi litawashusha mjini na kutoka hapo mtahitaji pikipiki.

Pale Rukari, ilipo ikulu yenyewe, kuna nyumba mbili za mfalme na inafaa uzielewe. Ya kwanza ni ya nyasi, ya msonge, kubwa kuliko unavyofikiria. Mlangoni unainama, halafu ndani giza linakupokea pamoja na harufu ya nyasi kavu. Unakaa kidogo macho yazoee ndipo unaanza kuona jinsi paa lilivyosukwa, duara juu ya duara. Nyuma yake kuna vibanda viwili: kimoja cha maziwa, kilichokuwa kikitunzwa na msichana ambaye hajaolewa, kingine cha pombe, kikitunzwa na kijana ambaye hajaoa.

Ya pili ni ile Wabelgiji waliyomjengea Mutara III Rudahigwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Haina ghorofa, magoti ya mama yako salama. Kilima cha jirani, Rwesero, kuna nyingine aliyojengewa miaka ya mwisho ya 1950, lakini hakuwahi kuhamia. Alifia Bujumbura Julai 1959.

Sasa ng'ombe. Nyuma ya nyumba ya nyasi wapo inyambo, wale wa pembe ndefu kama upinde, wamevishwa shanga kwenye paji la uso, na mchungaji anawaimbia kwa majina yao. Mama yako anasema Kihangaza, na hicho na Kinyarwanda ni ndugu wa tumbo moja. Wewe ndiye utakayehitaji mkalimani.

Mbishi wa Hoja

Tusidanganyane. Hiyo nyumba ya nyasi si ya zamani, imejengwa upya kuonyesha ilivyokuwa. Mnakwenda kuangalia maigizo.

Dada Nyamirambo

Mbishi, nyumba ya nyasi isipojengwa upya inabaki majivu na mchwa. Ndiyo asili yake. Hata enzi za wafalme ilikuwa ikiezekwa upya. Mawe nayo si dawa: Beit al-Ajaib ya Zanzibar ni ya mawe na sehemu yake ilianguka Desemba 25, 2020.

Mtu wa Bukavu

Miye nilipitia Nyanza nikitoka Bukavu, kwa njia ya msitu wa Nyungwe na Huye. Muulize anayewaongoza juu ya Musinga, baba yake Rudahigwa. Nyanza ilikuwa makao yake tangu mwaka 1899, na Kiswahili alikijua. Wabelgiji walimwondoa mwaka 1931 wakamweka mtoto wake, yeye wakampeleka Kamembe, kisha Moba kwetu Kongo, na huko ndiko alikofia. Ukisimama katika nyumba ile nzuri ya mtoto, kumbuka baba alikuwa wapi. Mimi jambo hilo lilinishika kuliko viti na meza.

Mwalimu wa Zamu

Kuhusu Kanombe: picha na vinyago vilihamia huko mwaka 2018, kabla ya hapo vilikuwa Rwesero. Kazi za vijana wa sasa ni nzuri kweli, na imigongo, ile michoro ya samadi ya ng'ombe, mama angeifurahia. Ila jua nyumba yenyewe ilikuwa makazi ya Rais Habyarimana. Ndege yake ilidunguliwa usiku wa Aprili 6, 1994 ikitoka Dar es Salaam, na mabaki ya ndege hiyo yapo hapo kando ya ukuta hadi leo. Mauaji ya kimbari yakafuata, na Ngara mlipokea wakimbizi. Mama yako aliwaona wakivuka. Mimi nisingempeleka bila kumwuliza kwanza.

Mtoto wa Rulenge

Mwalimu, ahsante, hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Mwaka ule tulilala na familia mbili uani. Kanombe basi, labda nitakwenda peke yangu siku nyingine.

Nyanza itakuwa Jumapili, na gari la kukodi.

Mtoto wa Rulenge *(siku tano baadaye)*

Mrejesho, wakuu.

Nyumba ya mfalme mama aliipita kama anayekagua chumba cha wageni. Akashika pazia, akaguna, akaendelea. Kwenye ng'ombe ndiko tulikokwama. Mchungaji alipoanza kuimba, mama alisogea hadi uzioni, na alipomaliza akamwambia neno ambalo sikulipata. Yule kijana akacheka, akarudia ubeti polepole, mama akamjibu na wake. Nilichoambulia mimi ni "inka", yaani ng'ombe, basi. Watalii wakatoa simu wakidhani ni sehemu ya onyesho.

Nilikaa kwenye jiwe dakika arobaini. Magoti hayakutajwa hata mara moja.

Njiani tukasimama mjini kunywa maziwa mgando. Akaonja, akaweka kikombe chini. "Mazuri," akasema, "ila kibuyu chao hawakukifukiza vizuri."