Taa moja ya mbele ya gari hafifu, balbu mpya haijasaidia

Wadau, taa ya kushoto inawaka njano, ya kulia iko safi. Balbu ni H4, 60/55W, mpya. Tatizo nini?

— Mkuu, usipime soketi ikiwa imechomolewa. Itasoma volti 12 na kukudanganya. Washa taa, gusa mita nyuma ya soketi kwenye waya wa athi (unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari), ncha nyingine kwenye hasi ya betri. Ikizidi volti 0.5, athi ni mbovu. Fungua bolti yake kwenye bodi, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza.

— Athi ikiwa nzima, pima hivyo hivyo upande wa chanya, ncha nyingine ikiwa kwenye chanya ya betri. Tena angalia soketi: plastiki ikigeuka kahawia na pini zikilegea, badilisha yote. Kuzibana kwa koleo hakudumu, zitachemka tena.