Naomba ushauri: kusafirisha vigae na vioo kutoka China hadi Kampala

Ndugu zangu, ninajenga Mukono na ninataka kuagiza tena vigae vya sakafu na vioo vya madirisha kutoka Foshan, kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa lori kupitia Malaba. Shehena ya kwanza ilifika vigae vingi vikiwa vimevunjika, hasa vilivyolazwa badala ya kusimamishwa wima, na bima niliyokata iliishia bandarini (kosa langu, sikusoma mkataba). Kwa kuwa vigae hufikisha kikomo cha uzito kabla kontena la futi 20 halijajaa, nafasi inayobaki huzibwa kwa kitu gani ili mzigo usiyumbe? Vioo navyo, je, vinastahili safari hiyo, au ninunue hapa Kampala? Aliyewahi kupata bima inayofika hadi ghalani, tafadhali anieleze masharti yake.