Nimeomba taa za njano, nimepewa za buchani. Wauza vifaa vya umeme Tanga mnatuonaje?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, makosa ya uandishi mtanivumilia.

Nimemaliza kupiga rangi sebule yangu huku Makorora, krimu, kwa mkono wangu mwenyewe, wikiendi mbili. Jumamosi nikashuka Ngamiani kununua taa. Nikamwambia muuzaji kwa Kiswahili kilichonyooka: balbu nane za LED, wati 9, za kuzungusha, mwanga wa njano. Akanitolea maboksi yameandikwa 3000K, namba ya mwanga wa njano. Hakuwasha hata moja, na mimi nikajiona mjuaji kwa sababu nimesoma boksi.

Usiku nawasha: weupe wa buchani! Krimu yote imekuwa rangi ya maji ya mchele. Mama mkwe alikuja na hina mbichi mkononi, chini ya taa zile ikaonekana kama masizi ya sufuria. Akauliza, "Mwanangu, hapa kwako au zahanati?"

Nikazima, nikafungua moja, nikasubiri ipoe, nikaisoma shingoni: 6500K. Boksi na balbu haviongei lugha moja.

Jumatatu nimezirudisha. Jibu nililopewa: "Kaka, mwanga ni mwanga. Nyeupe ndiyo yenye nguvu, njano ni ya vibatari." Halafu kidole ukutani, kwenye kile kikaratasi cha mali ikishauzwa hairudishwi.

Nguvu gani? Wingi wa mwanga unapimwa kwa lumeni. Hiyo K ni rangi tu: 2700 ndiyo ile njano ya balbu za zamani za waya, ukipanda mpaka 6500 unapata weupe wenye ubuluu. Na ubuluu huo ukikumulika usiku unabana melatonini, homoni inayoleta usingizi. Mtu auze balbu miaka yote hiyo asijue K ni nini? Au anajua, ila stoku ya nyeupe imemjaa?

Sina ugomvi na nyeupe, jamani. Jikoni nimeiweka mwenyewe, mchele utauchambuaje kwa njano. Ila sebuleni nakaa, sipasui mtu.

Jina la duka silitaji. Nauliza tu walioko mjini: wapi wanakuwashia balbu kabla hujatoa hela? Kwa sasa tunakaa sebuleni kwa mwanga wa taa ya koridoni. Na mwenye njano nane za kubadilishana aje inbox, hata leo usiku.