Mfalme mwenye kilemba na mkono unaoandika ukutani: kisa chake ni kipi?

MwalimuMoro: Wapendwa, hamjambo. Marehemu baba alikata picha kwenye kalenda akaibandika sebuleni, juu ya redio. Mfalme mnene, kilemba kikubwa na kitaji kidogo juu yake, amegeuka macho yamemtoka. Mkono unachomoza winguni unaandika kwa nuru. Utotoni nilidhani ni Herode. Sasa nafundisha shule ya Jumapili na ningependa kuwaonyesha watoto, ila chini imeandikwa Rembrandt tu, basi. Kisa ni kipi, na hayo maandishi ni ya lugha gani?

Babu_wa_Tanga: Belshaza huyo, mwanangu. Danieli sura ya 5. Mene, Mene, Tekeli, na Peresi.

MuuguziLondon: Mwalimu, shikamoo. Picha hiyo iko hapa National Gallery, na kuingia ni bure. Nikitoka zamu ya usiku huwa napita kukaa mbele yake. Ni kubwa, upana wake unazidi mita mbili, na rangi kwenye joho la mfalme imerundikwa nene hadi vito vinatokeza.

Babu amekupa sura. Soma pole pole habari ya vyombo. Vile vikombe Nebukadreza alivitoa hekaluni Yerusalemu, na Belshaza anavinywea divai na wageni wake. Ndiyo maana mtazame mama mwenye nguo nyekundu upande wa kulia: amejirudisha nyuma kwa hofu, kikombe kimemwinamia mkononi na divai inamwagika.

Maandishi ni herufi za Kiebrania, na hapa ndipo napapenda zaidi. Biblia inasema wenye hekima wa Babeli walishindwa kuyasoma. Walishindwaje, watu wasomi? Rembrandt, aliyeichora Amsterdam miaka ya 1630, alikuwa na jirani rabi, Menasseh ben Israel, na yaelekea jibu alilipata kwake. Kiebrania husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, lakini hapa herufi 15 zimepangwa zishuke, tatu tatu, katika safu tano kuanzia kulia. Ukifuata mstari kama ulivyozoea, hupati neno hata moja.

Tena herufi ya mwisho ina kasoro. Ingepaswa kuwa nuni ya mwisho wa neno, imechorwa zayini, ambayo mguu wake ni mfupi. Wataalamu husema mchoraji alikosea. Mimi kila nikiutazama ule mkono naona bado uko pale pale kwenye herufi, haujamaliza kuuvuta mguu chini.

Babu_wa_Tanga: Miaka yote nimehubiri sura hiyo, hilo la safu sikuwahi kulisikia. Ahsante, binti.

MwalimuMoro: Marahaba, mdogo wangu, Mungu akubariki. Nimeleta majibu ya Jumapili. Kwenye maneno ya Babu, Mene, Mene, Tekeli, na Peresi, nilitoa NA, zikabaki herufi 20 za Kiswahili. Nikazipanga ubaoni safu tano za herufi nne nne, kuanzia kulia, mstari wa juu ukasomeka R L T M M. Watoto wakahangaika nao, wengine wakadhani ni Kijerumani. Binti mmoja wa darasa la tatu akainuka kimya, akaja ubaoni, akaweka kidole kwenye M ya kulia kabisa na kukishusha taratibu: "Me... ne."