Mjadala: Malipo ya uzeeni kwa wachezaji wa vinyoya yafuate medali au jasho?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naleta hoja ya mchezo ambao wengi wetu tunaukumbuka Olimpiki ikifika tu: badminton, mpira wa vinyoya. Mtu aliyelichezea taifa lake tangu utotoni, akistaafu alipwe kwa medali alizoleta au kwa miaka aliyotumika?

Malaysia wameshachagua medali. Mwanamichezo wao mwenye medali ya Olimpiki hulipwa kila mwezi maisha yake yote: ringgit 5,000 kwa dhahabu, 3,000 kwa fedha, 2,000 kwa shaba. Lee Chong Wei, mwenye fedha tatu (2008, 2012 na 2016), alistaafu 2019 baada ya kuugua saratani ya pua, na sidhani kuna Mmalaysia anayemwonea kijicho. Hata mimi simwonei. Ninachopinga ni kuifanya medali ndiyo kipimo pekee.

Mchukueni Tati Sumirah wa Indonesia. Mwaka 1975 alikuwa kwenye kikosi kilichoifunga Japani 5-2 pale Jakarta na kuipa nchi yake Kombe la Uber, ubingwa wa dunia wa timu za wanawake, kwa mara ya kwanza. Baada ya raketi, alikaa miaka mingi kwenye kaunta ya duka la dawa kama keshia. Mgonjwa analeta karatasi yake, Tati anapokea noti, anahesabu chenji, anamwita anayefuata. Wangapi kwenye ule mstari walijua wanahudumiwa na nani? Aliyekuja kumtafutia kazi nyingine, kwenye kampuni ya oili za magari, ni mchezaji mwenzake wa zamani, Rudy Hartono. Tati alifariki Februari 2020.

Sasa wapimeni hao wawili kwa kipimo cha Malaysia. Badminton imeanza kugombewa medali za Olimpiki mwaka 1992 Barcelona. Rudy alitwaa All England, mashindano makongwe ya badminton ya Uingereza, mara 8, saba kati ya hizo mfululizo, na mwaka 1972 Munich alishinda mashindano ya badminton yaliyochezwa kama maonyesho tu, yasiyohesabiwa medali. Kwa kipimo hicho, Rudy sifuri, Tati sifuri. Susi Susanti, aliyeipa Indonesia dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki huko Barcelona, alistahili kila senti. Lakini waliomtangulia walikosea nini, kuzaliwa mapema?

Halafu kuna wale wasiofika jukwaani kabisa. Kambi ya taifa ya Indonesia iko Cipayung, Jakarta Mashariki. Kila mwaka hutoka orodha ya wanaobaki na wanaorudishwa klabuni kwao. Kijana ameingia akiwa mdogo, masomo yakawekwa kando, asubuhi zake zote anampigia bingwa vinyoya ili bingwa anoe smashi yake, lile pigo kali la kushuka. Akifika miaka 22 jina halipo, anafungasha begi. Bingwa akipanda jukwaani, jasho la huyu kijana liko ndani ya ile medali. Karibuni.

Mchangiaji wa Mombasa

Ndugu yangu, hapo wakosea. Mchezaji hatoki mikono mitupu, atoka na ujuzi, na ujuzi huo wauzika. Rexy Mainaky, dhahabu ya Atlanta 1996, amefundisha Uingereza, Malaysia, Ufilipino na Thailand. Hendrawan alichukua fedha Sydney 2000, akaenda Malaysia, na huyo Lee Chong Wei wamsifuye alipita mikononi mwake. Tony Gunawan alihamia Marekani na mwaka 2005 akawapatia ubingwa wa dunia wa wawili-wawili akiwa na Howard Bach. Na Pullela Gopichand wa India? Aliweka nyumba yake rehani ajenge chuo cha vinyoya Hyderabad. Hapo ndipo walipotoka Saina Nehwal na shaba ya 2012, na P. V. Sindhu na fedha ya 2016. Hakungoja serikali imwekee pesa mfukoni.

Mwalimu wa darasa la kwanza naye atoka jasho. Mchezaji wa nafasi ya 80 duniani ana haki gani kumzidi?

Mchangiaji wa Moshi

Kaka wa Mombasa, naheshimu hoja yako, lakini rudi uyasome majina uliyoandika. Rexy, dhahabu. Tony, dhahabu. Hendrawan, fedha. Gopichand, bingwa wa All England 2001. Umewataja washindi tu! Klabu ya nje ikitafuta kocha inaanza na jina.

Mimi nimefundishwa na mtu aliyewahi kuvaa jezi ya taifa hapa kwetu. Alikuwa anaweka birika jikoni, anapitisha vinyoya juu ya mvuke ili manyoya yasikatike haraka, maana kopo jipya hakulimudu. Goti lake la kulia lilikuwa linavimba kila Jumatatu baada ya mazoezi ya wikendi, na dawa ananunua mwenyewe. Ujuzi alikuwa nao, tena mwingi. Mnunuzi hakuwepo.

Na hata dhahabu haiukingi mwili. Markis Kido alishinda Beijing 2008 akiwa na Hendra Setiawan. Juni 2021 alianguka akicheza vinyoya huko Tangerang, akafariki akiwa na miaka 36. Mimi ningeanza na matibabu kabla ya mshahara wa uzeeni.

Mleta mada

Dada wa Moshi umenisogeza. Nakubali, malipo ya kila mwezi kwa kila aliyepita kambini hayabebeki, na la mwalimu ni la haki. Nabaki na mambo mawili. La kwanza ni bima ya afya inayoendelea baada ya kuondoka kambini, kwa wote, maana goti halijui nafasi yako duniani. La pili, shule iwe ndani ya kambi, isingoje mtu aachwe ndipo aambiwe akasome.

Pesa? Zikatwe juu. Kwenye mashindano makubwa ya ziara ya dunia, mshindi wa mmoja-mmoja huchukua asilimia 7 ya fungu lote la zawadi, huku anayetolewa mapema akirudi na kidogo sana, pengine hata nauli haijarudi. Kipande cha lile fungu kitengwe kabla halijagawanywa, kabla hata ya chama kupata chake.

Kaka wa Mombasa, yule kijana wa miaka 22 ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya mwaka huu, hana medali na cheti cha sekondari hana. Kesho asubuhi ungemwelekeza wapi?