Mrejesho: ile mizani ya kupimia baruti

Wakuu habari, mimi ndo yule wa Texas niliyeuliza mwezi uliopita nichukue mizani gani ya kielektroniki, maana najaza mwenyewe baruti kwenye maganda ya risasi za .308 (saizi ya risasi ya bunduki) za kuwindia. Asanteni sana, hasa mkuu aliyesema nisikimbilie ya bei mbaya, nichukue inayosoma hadi greini 0.02 (greini ni kipimo cha uzito wa baruti, gramu moja ni kama greini 15.4) na ile ya mkono isiyotumia umeme nisiitupe.

Nimefanya hivyohivyo. Mwanzoni nilijua nimeuziwa kimeo, jiwe la kujaribia mizani la gramu 20 linatakiwa lisome greini 308.64 lenyewe mara 308.3 mara 309, kumbe upepo wa AC unapuliza sahani! Sasa nazima AC, naiwasha nusu saa kabla, imetulia.

Kilichogoma ni kudondosha baruti punje punje sahani ikiwa juu ya mizani, ukienda taratibu sana mizani inajirudisha sifuri yenyewe, haioni nyongeza, unazidisha bila kujua na kuzidisha baruti sio mchezo. Kwa hiyo nanyanyua sahani narudisha ndo nasoma, na kila ganda la kumi nahakiki kwa ya mkono. Inachosha kinoma, ila namba zinakubaliana.