Kiwanda kinatoa moshi, wanasema wamepewa muda wa kufunga filta

Habari wakuu, naomba ushauri. Nakaa Mafinga jirani na kiwanda cha mbao, boila lao linachoma maranda na magome usiku kucha na baridi hii ya Julai moshi haupandi unalala tu chini kama ukungu, mwanangu wa miaka 3 anakohoa mpaka anatapika. Tumeenda kulalamika, meneja anasema wameruhusiwa kuzidisha viwango vya moshi kwa muda maana wanafunga filta. Sawa, mtambo haufungwi siku moja, hilo naelewa kabisa. Ila kibali si kinatakiwa kiwe na tarehe ya mwisho? Sisi majirani tuna haki ya kukiona? Tuanzie kwa afisa mazingira wa halmashauri au NEMC (baraza la taifa la mazingira) moja kwa moja? Na mtoto nimkingeje jamani, madirisha nafunga lakini bado unaingia.